Ripoti inasema asilimia 70, lakini kanzu bado namvalisha mimi

Asalaam aleikum Shangazi,

Naandika nikiwa Walukuba, hapa Jinja. Nauza chai na chapati asubuhi, mume wangu ni dereva wa malori ya Juba, kwa hiyo nyumbani mara nyingi niko peke yangu na watoto. Kijana wangu wa pili ana miaka 11 na ana sikoseli. Tulijua mapema, tangu vidole vyake vilipokuwa vikivimba akiwa bado ananyonya. Maumivu yake tumeyazoea, homa zake pia.

Mwaka jana, muhula wa pili ulipoanza tu, aliamka mdomo umepinda, mate yanamchuruzika, mkono wa kulia haunyanyuki. Akataka kuniita, maneno yakatoka hayaeleweki. Hospitali wakasema ni kiharusi. Mimi nilikuwa najua kiharusi ni ugonjwa wa wazee wenye presha. Aliongezwa damu, akalazwa, tukarudi nyumbani.

Jirani akatuelekeza kituo kimoja cha binafsi chenye programu ya utengamao kwa watoto wenye magonjwa ya kudumu. Tulianza kama mwezi mmoja baada ya kiharusi. Pale kuna mazoezi ya viungo, kuna mwalimu, kuna mama wa ushauri nasaha, na kuna chumba kizima cha mashine na mipira mikubwa. Watu wake ni wakarimu sana, hilo silifichi. Tunalipa laki tatu na nusu kwa mwezi, bodaboda mbali.

Sasa wametupa ripoti, karatasi nzuri ya rangi. Imeandikwa: "Mtoto ameimarika kwa asilimia 70." Chini yake: "Watoto 9 kati ya 10 wanaomaliza programu yetu hufanikiwa." Wanataka tuingie hatua ya pili ya miezi sita, na tukilipa yote kwa mpigo tunapata punguzo. Siku hiyo hiyo wakanipa fomu ya kuuliza kama nimeridhika. Nikatia tiki kwenye "nimeridhika sana", maana dada aliyenipa fomu alikuwa amesimama pale pale akinitazama, na ni mtu mwema.

Baba yake aliporudi safari alimwangalia mtoto, kisha akaniuliza, "Hiyo asilimia sabini iko wapi?" Ni kweli mtoto anatembea na maneno yamerudi. Lakini kanzu ya Ijumaa bado namvalisha mimi. Shuleni yuko P.5, anaandika kwa mkono wa kushoto polepole, mwalimu anafuta ubao hajamaliza. Yeye mwenyewe ukimuuliza anataka nini, jibu ni moja: kurudi golini. Alikuwa kipa wa watoto wa mtaa.

Shemeji yangu anasema mtoto wa sikoseli ni mgeni tu, tusile pesa ya wenzake kwa ajili yake. Mwingine anasema hospitali ya serikali wana mazoezi bila malipo, ila nimeiona foleni yake, na mashine sikuziona. Nitajuaje kama hii programu inamsaidia mwanangu au tunalipia karatasi? Sitaki kumtoa halafu arudi nyuma, na sitaki kulipa kwa woga.

Mama Kipa, Walukuba

*

Waaleikum salaam Mama Kipa,

Nianze na pesa, kwa sababu najua ndiyo inayokunyima usingizi wiki hii. Usilipe miezi sita kwa mpigo. Punguzo hilo linawafaa wao kuliko wewe, kwa sababu ukishalipa yote hutakuwa tena na nguvu ya kuuliza chochote. Na usimtoe mtoto pia, bado. Lipa mwezi mmoja, na ndani ya mwezi huo waulize maswali nitakayokupa. Majibu yao ndiyo yatakayokuonyesha kama ubaki au uondoke.

Mumeo ameuliza swali zuri kuliko yote: iko wapi? Mimi naongeza jingine: asilimia 70 ya nini? Huenda walipima nguvu ya kubana kiganja, au kiwiko kinanyooka hadi wapi, au walijumlisha alama za fomu wakagawanya. Yote hayo ni vipimo halali. Lakini vinapima mwili, na mwili ni sehemu moja tu ya habari. Tangu 2001 Shirika la Afya Duniani lina mfumo wa kuangalia hali ya mtu katika ngazi tatu: mwili wake unafanyaje kazi, yeye anaweza kutenda nini, na anashiriki vipi katika maisha na wenzake. Mwaka 2007 wakatoa toleo la watoto na vijana. Mkono unaweza kupanda alama nyingi kwenye ngazi ya kwanza bila mtoto kufunga kifungo hata kimoja kwenye ngazi ya pili, na bila kuingia uwanjani kwenye ngazi ya tatu. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba ripoti haidanganyi na mumeo pia hadanganyi. Ripoti inazungumza habari za mkono. Mumeo anazungumza habari za mwanawe.

Jambo la pili halimo kwenye ripoti, nalo ni kubwa. Mlianza mwezi mmoja baada ya kiharusi. Ubongo ulioumia hujirudisha wenyewe kwa kiasi fulani, na sehemu kubwa ya kujirudisha huko hutokea katika miezi ya mwanzo, mitatu hadi sita hivi, uende kituoni usiende. Kutembea kwake na maneno kurudi, sehemu ya hayo ingekuja kwa vyovyote. Programu inayompokea mtoto wakati huo, ikampima mwanzo na mwisho, kisha ikajipigia makofi kwa tofauti yote, ni sawa na mganga wa mvua anayeanza kupiga ngoma mawingu yakishatanda. Sisemi mazoezi hayakusaidia. Yanasaidia, na ubongo wa mtoto unayahitaji hasa kipindi hicho. Ninachosema ni kwamba tofauti ya mwanzo na mwisho peke yake haiwezi kukwambia kipi kilitoka kwa mazoezi na kipi kilitoka kwa Mungu na muda.

Hata kwa watoto ambao hawakupata kiharusi mtego huu upo. Mtoto wa pumu, wa kisukari, wa sikoseli, wazazi humpeleka kwenye programu lini? Akiwa amezidiwa. Maradhi ya kudumu yana kupanda na kushuka, na ukimpima mtu siku yuko chini kabisa, mara nyingi ukimpima tena utamkuta amepanda. Tena watoto hukua. Wa miaka 11 atafanya mambo ambayo wa miaka 10 hakuyaweza, hata kama hakuna aliyemfundisha.

Watafiti hulimaliza jambo hili kwa kulinganisha. Mfano uko jirani na kwenu, Iganga na Mayuge. Kuna programu inaitwa Akwenda, ya watoto na vijana wenye mtindio wa ubongo, ambayo ilipangiwa utafiti wa watoto 100 hivi: kundi moja likaanza huduma, kundi la pili likasubiri mwaka mmoja kisha likapata zile zile. Kundi linalosubiri nalo linakua, nalo linapanda na kushuka, kwa hiyo ukiona la kwanza limelizidi, hapo una kitu cha kushika mkononi. Na hakuna aliyenyimwa, kila mtu zamu yake inafika. Kituo chenu hakiwezi kufanya utafiti wa namna hiyo, wala simlaumu mtu kwa hilo. Lakini kituo kisichoweza kulinganisha kinatakiwa kuwa mnyenyekevu kwenye karatasi zake.

Sasa hawa "9 kati ya 10 wanaomaliza". Mama Kipa, soma tena neno la mwisho. Wanaomaliza! Na walioanza je? Nimekaa na akina mama wa watoto wagonjwa miaka mingi, na naweza kukwambia nani haimalizi programu: ni yule aliyeishiwa nauli, yule ambaye mtoto alishikwa na maumivu akalazwa wiki mbili akapoteza nafasi, yule ambaye hakuona mabadiliko akakata tamaa, na yule aliyefariki. Ukiwaondoa hao kwenye hesabu, hata programu mbovu itapata 9 kati ya 10. Waulize: walianza watoto wangapi mwaka jana, wamebaki wangapi, na walioacha mnajua kwa nini waliacha? Kituo makini kitakujibu bila kukasirika, pengine kwa aibu kidogo, kwa sababu kinajua walioacha ni wengi. Kituo kinachokasirika kimeshajibu.

Na "hufanikiwa" maana yake nini? Umri gani, ugonjwa gani? Mtoto wa pumu anayejifunza kutumia dawa ya kuvuta na mtoto aliyepooza upande mmoja hawana mafanikio ya aina moja. Kuwatia wote kwenye kapu moja na kutoa namba moja ni jambo la tangazo la redio.

Swali ambalo mimi ningelitanguliza ni hili: naomba kuona karatasi ya siku ya kwanza. Siku mtoto alipofika walimpima nini, wakaandika nini, na mlikubaliana anakwenda wapi? Kama hakuna malengo yaliyoandikwa kabla ya kuanza, basi asilimia 70 imetungwa mwishoni, kwa kuangalia kilichopatikana na kukiita lengo.

Namna ya kuandika lengo ipo, tena ni ya zamani. Wamarekani wawili, Kiresuk na Sherman, waliieleza mwaka 1968 kwa ajili ya wagonjwa wa akili, na leo inatumika sana kwenye utengamao wa watoto. Haina mashine. Unachukua jambo moja la maisha ya mtoto na kulipangia ngazi tano, na ngazi zinaandikwa kabla ya kazi kuanza. Tuchukue kanzu ya Ijumaa. Ngazi ya chini kabisa, wanaiandika kutoa mbili: anavalishwa yote. Kutoa moja: anaingiza kichwa na mikono mwenyewe, vifungo anafungiwa. Sifuri, ambayo ndiyo mnayoitarajia baada ya miezi mitatu: anafunga kifungo kimoja kwa mikono miwili, wewe umekaa pembeni mikono yako mapajani. Kujumlisha moja: anafunga vyote, hata akichelewa. Kujumlisha mbili: anavaa peke yake na anawahi swala. Baada ya miezi mitatu hamtabishana. Mtamtazama akivaa, mtasoma ngazi.

Kanzu nimeichagua makusudi. Vifungo vya shingoni ni vigumu kwa sababu anayevaa havioni, kidole ndicho kinachoona. Kiharusi mara nyingi hakiondoi nguvu tu, huondoa na hisia ya ncha za vidole, na hapo mtoto anaweza kubana mpira vizuri sana kituoni na bado akashindwa na kifungo nyumbani. Muulize mtaalamu wake kama amewahi kupima hisia za vidole. Kama hajapima, mwambie apime wiki hii. Kwa kuanzia, vifungo vikubwa vya kifuani kwenye shati la shule, ambavyo anaviona, kisha ndipo apande shingoni.

Lengo la pili ni golini, na hili aliandike yeye. Nasisitiza. Katika tafiti za watoto wenye magonjwa ya kudumu, dodoso nzuri za ubora wa maisha huwa na sehemu ya mtoto na sehemu ya mzazi, kwa sababu majibu yao hayafanani: mara nyingi mzazi huona maisha ya mtoto ni mabaya kuliko mtoto anavyoyaona mwenyewe, na huwa hajui kinachomuuma hasa. Wewe unaumizwa na kanzu. Yeye anaumizwa na goli ambalo amesimama mwingine. Programu ambayo imekaa na kijana wa miaka 11 muda wote huo bila kumuuliza anataka nini, ina kasoro hata kama vipimo vyake vyote vimepanda. Kipa anahitaji mikono miwili ifanye kazi pamoja, na kuna mazoezi ya hivyo hivyo, ya mikono miwili kwa pamoja, na mengine ya kuufunika mkono usioumia kwa muda ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Njia zote mbili zimejaribiwa vya kutosha kwa watoto waliopooza upande mmoja, wengi wao wenye mtindio wa ubongo, na zote zinafaa. Kinacholeta tofauti ni wingi wa kurudia, saa nyingi, kwa shughuli ambayo mtoto anaipenda. Kumdakisha mpira wa matambara uani kwenu, kwanza kutoka hatua mbili, ni tiba. Ila mkono usioumia usiufunge kabla mtaalamu hajakuonyesha namna na muda, mtoto asije akaanguka.

Hapo ndipo najibu habari ya mashine na hospitali ya serikali. Mashine zinapendeza, nakubali. Lakini mkono haurudi kwa sababu ya mashine, unarudi kwa kurudia jambo lenye maana mamia ya mara, na mahali pa kurudia hivyo ni nyumbani. Mtaalamu wa serikali anayekuona mara moja kwa wiki mbili, akakuonyesha mambo matatu ya kufanya kila siku na safari inayofuata akakuuliza umefanyaje, anaweza kukufaa kuliko kituo kinachomchukua mtoto mlangoni na kukurudishia jioni bila wewe kujua alifanya nini. Je, hapo kituoni wanakuruhusu kukaa ndani? Wamekufundisha chochote? Kwenye barua yako umeniorodheshea wafanyakazi wote na vifaa vyote, lakini hukutaja hata zoezi moja unalolifanya wewe. Hilo limenishtua kuliko ile asilimia.

Halafu kuna jambo ambalo wewe hukuuliza na ripoti haikutaja, nalo linatangulia kanzu na goli. Kinga ya kiharusi cha pili. Kwa mtoto wa sikoseli ya aina kali asiyepata kinga, utafiti mkubwa wa Marekani wa 1998 ulionyesha karibu asilimia 11 hupata kiharusi kabla ya miaka 20. Aliyekwisha kupata kimoja yuko hatarini zaidi sana: bila kinga, zaidi ya nusu hupata kingine, na wengi katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Mwanao yumo ndani ya miaka hiyo sasa hivi. Kinga iliyothibitika zaidi ni kuongezewa damu kila mwezi. Pale damu salama isipopatikana kwa uhakika, kama ilivyo sehemu nyingi kwetu, hutumika dawa ya haidroksiyurea, kila siku, kwa kipimo cha daktari na kwa kupimwa damu mara kwa mara.

Kama kuna mtu alikutisha kwamba dawa hiyo inaleta malaria, jambo hilo lilipimwa hapa hapa Uganda. Hospitali ya Mulago, Kampala, walichukua watoto wadogo wenye sikoseli, nusu wakapewa haidroksiyurea na nusu kidonge kisicho na dawa, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha malaria haikuzidi, na matatizo ya sikoseli yalipungua. Mbale nako walikuwa sehemu ya utafiti mwingine wa nchi nne za Afrika uliochapishwa 2019, uliokuwa na matokeo mazuri ya namna hiyo. Kwa hiyo kesho, kabla hata ya kwenda kituoni, nenda kliniki ya sikoseli uulize: mwanangu yuko kwenye kinga gani ya kiharusi cha pili? Na kituo nacho kiulize kama wana jina la daktari wake kwenye faili. Programu inayojenga mkono wa mtoto miezi kadhaa bila kuuliza kama anameza dawa yake inajenga nyumba kwenye mkondo wa maji. Kwangu mimi, siku za kulazwa na kutopata kiharusi kingine ni vipimo vya kwanza vya programu yoyote ya mtoto wa sikoseli.

Kwa mazoezi yenyewe: anywe maji kabla na katikati, apumzike anapotaka kupumzika, asilowe na kupigwa na baridi, na siku ya maumivu hakuna mazoezi. Homa ni hospitali, si kituoni. Wafanyakazi wa programu wanatakiwa kuyajua haya kwa moyo. Wajaribu kwa kuuliza tu, "Akishikwa na maumivu hapa mnafanya nini?"

Shule. Kama ningepewa nafasi ya kupima programu hii kwa kitu kimoja, ningechukua daftari la mahudhurio la mwalimu wa darasa. Muhula huu amekosa siku ngapi, muhula uliopita ngapi? Anamaliza kunakili ubaoni au hamalizi? Kituo kina mwalimu, umesema. Je, amewahi kufika shuleni au hata kumpigia simu mwalimu wa P.5? Maana tatizo lililoko pale linaweza kutatuliwa na mwalimu kwa kumketisha mbele, kumpa mwenzake daftari la kumnakilia, na kuacha upande mmoja wa ubao haujafutwa. Hilo halihitaji laki tatu na nusu. Na kuandika kwa kushoto msimlaumu nako. Mkono wa kulia uendelee kufundishwa, lakini masomo hayamsubiri.

Fomu ya kuridhika usijilaumu nayo, hata mimi ningetia tiki hiyo hiyo. Mtu ukitazamwa na uliyemshukuru hutaandika ubaya wake. Wanaopima huduma kwa uaminifu huwapa fomu watu wasiowahudumia, au huipeleka nyumbani, bila jina. Tena kuridhika na kupona ni mambo mawili: watu huridhika na upole, nao upole una thamani yake, mtoto asiyeogopa kituo hufanya mazoezi zaidi. Ila usiruhusu upole huo utiwe kwenye ripoti kama ushahidi kwamba mkono umepona.

Shemeji yako. Mwambie mumeo amjibu, usijibizane naye wewe. Kuna watu wazima wenye sikoseli hapa Uganda wanaofanya kazi, wameoa na kuolewa, wanasomesha. Uchunguzi wa damu za watoto wachanga karibu laki moja, uliochapishwa 2016, ulikuta vinasaba vya sikoseli kwa asilimia 13.3 ya watoto wa Uganda, na ugonjwa wenyewe kwa asilimia 0.7, na upande wetu wa Busoga ni miongoni mwa ulioongoza. Shemeji anaweza kuwa amebeba vinasaba hivyo hivyo bila kujua. Akapime kabla hajahesabu wageni wa nyumba ya kaka yake.

Kwa mumeo nina kazi nyingine. Yuko mbali, anaona mtoto kwa kurukaruka, na pesa ni yake, kwa hiyo lazima aone. Kila mwisho wa mwezi mrekodi kijana kwa simu akifanya mambo yale yale: anavaa shati lile lile, anadaka mpira kutoka umbali ule ule, anaandika jina lake na sentensi moja. Usimsaidie, usimharakishe, usimchagulie siku nzuri. Mtumie baba yake. Baada ya video tatu mtakuwa na ushahidi mzuri kuliko karatasi ya rangi, na mkiipeleka kituoni mtaalamu mwenye akili ataifurahia.

Basi ukifika kituoni waombe karatasi ya siku ya kwanza, waulize walioanza na walioacha, waulize wanawafuatilia watoto miezi mingapi baada ya kuondoka, na waambie lengo la kanzu na la golini yaandikwe kwa ngazi tano kabla ya hatua ya pili. Wakikubali, baki, ulipe mwezi kwa mwezi, na miezi mitatu ikiisha someni ngazi pamoja. Ikiwa haijafika hata kutoa moja kwenye kanzu, wakueleze watabadilisha nini, si waongeze muda wa yale yale. Wakikataa kuandika, chukua nakala ya faili la mwanao, ni haki yako, uende nalo foleni ya serikali. Nenda asubuhi mapema, na mwombe mtaalamu akufundishe wewe.

Jambo la mwisho, lisije likakupita kwa sababu linaonekana liko mbali: P.5 leo, mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, uko karibu kuliko unavyodhani. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwapa watahiniwa wenye ulemavu muda wa ziada, lakini ombi hupitia shuleni na huambatana na karatasi za daktari. Zungumza na mwalimu mkuu mwaka huu, na barua ya kiharusi ya hospitali itoe nakala mbili.

Shangazi